Roboti ni Kitu Gani, na Yatufaa Nini?

Siku hizi neno "roboti" limekuwa jepesi vinywani mwa watu. Yako makampuni ambayo biashara yao ni kuuza roboti kwa shule, hoteli, maduka na hospitali. Shule yo yote ya Kampala yaweza kujiwa na mwuzaji wa namna hiyo, naye ataisifu mali yake kama ilivyo desturi ya wachuuzi wote. Lakini fedha atakazolipwa ni karo za wazazi wetu, waliozipata kwa jasho. Basi yafaa tujue kitu chenyewe ni nini kabla hatujafungua mfuko.

Kwanza tulitazame jina. Mwaka 1920 mwandishi mmoja wa nchi ya Cheki, Karel Čapek, alitoa mchezo wa kuigiza uitwao R.U.R., uliochezwa Prague mwaka uliofuata. Ndani yake mna kiwanda kinachounda watumishi wa bandia na kuwauza duniani kote. Watumishi hao waliitwa roboti, kwa neno la Kicheki "robota", maana yake kazi ya shuruti, kama ile ambayo wazee wa Buganda waliiita kasanvu. Kwa hiyo tangu mwanzo jina hili lilikuwa la mtumishi asiyeulizwa kama anapenda.

Roboti ya kweli si mtu wa chuma, wala si lazima iwe na uso. Ni mashine yenye mambo matatu. La kwanza ni vitambuzi, ambavyo kwake ni kama macho na masikio. La pili ni kompyuta, ambayo ni kama ubongo. La tatu ni mota, magurudumu au mikono, ambayo ni viungo vya kutendea kazi. Feni huzunguka tu ikiwashwa. Haijui kama chumbani kuna joto au baridi. Roboti hutambua kwanza, kisha hupima, ndipo itende.

Tuchukue mfano wa roboti ndogo inayotembea darasani bila kugonga ukuta. Kitambuzi chake hutoa sauti nyembamba ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia, kisha hungoja mwangwi wake, kama afanyavyo popo usiku. Twajua kwamba sauti husafiri hewani kiasi cha meta 340 kwa sekunde moja. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya mia ya sekunde, sauti imekwenda meta 3.4, kwenda na kurudi. Basi ukuta uko umbali wa meta 1.7. Kompyuta hufanya hesabu hiyo, kisha hufuata amri iliyoandikwa na mtu: "Kama ukuta u karibu kuliko sentimeta 20, simama, geuka kulia. Kama sivyo, endelea." Amri hizo ndizo ziitwazo programu. Mtu akikosea kuandika, roboti nayo itakosea, tena bila haya.

Katika kazi, roboti ya kwanza ya kiwandani iliyojulikana sana iliitwa Unimate. Mwaka 1961 iliwekwa katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani, kushika vyuma vya moto vilivyotoka katika kalibu, kazi iliyokuwa ikiwaunguza watu. Afrika yetu nayo haikubaki nyuma kabisa. Mwaka 2013 mhandisi wa Kongo, Bibi Thérèse Izay, pamoja na wenzake, waliweka katika njia panda za Kinshasa roboti za kuongoza magari, zenye umbo la alumini na taa nyekundu na kijani, zikiendeshwa kwa nguvu za jua. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, roboti 5 kutoka kampuni ya Ubelgiji zilipelekwa Kigali kupima joto la watu na kuwapelekea wagonjwa chakula na dawa, ili waganga wasiwakaribie mara nyingi. Na mwaka 2024 watu wa Nairobi walikwenda kutazama mkahawa mmoja ambamo roboti zilileta sahani mezani, huku wahudumu wakiwa papo hapo kusaidia.

Sasa tuje shuleni, maana hapo ndipo penye jambo lenyewe. Roboti za shule ni za namna mbili. Ya kwanza ni ile inayonunuliwa ikiwa tayari, nzuri ya kutazama, yenye kusema na kucheza ngoma. Mfano wake ni Nao, yenye kimo cha sentimeta 58, iliyotengenezwa na kampuni ya Aldebaran ya Ufaransa na kutumiwa katika shule na vyuo vya nchi nyingi. Namna ya pili ni ile inayokuja vipande vipande, na mwanafunzi mwenyewe huiunga na kuiandikia amri.

Namna ya kwanza ina hatari mbili. Hatari moja ni kwamba wanafunzi wataizunguka na kupiga makofi, kisha watarudi vitini bila kujua kilichomo tumboni mwake. Hatari nyingine ni kwamba kampuni hufa kama watu wafavyo. Aldebaran yenyewe ilifilisika mwaka 2025, na mali yake ikanunuliwa na kampuni ya China. Hata vipande vya Mindstorms vya kampuni ya LEGO ya Denmark, vilivyowafundisha watoto wengi tangu mwaka 1998, viliachwa kutengenezwa mwishoni mwa mwaka 2022. Shule iliyotegemea duka moja la mbali hubaki na sanamu ya bei kubwa kabatini, mara tu kipande kimoja kikivunjika.

Njia nyingine iko hapa hapa Uganda. Mwaka 2011 Bwana Solomon King Benge alianzisha shirika liitwalo Fundi Bots, ambalo si la kutafuta faida. Tazameni jina hilo: nusu yake ni Kiswahili chetu. Shirika hilo huanzisha vyama vya roboti mashuleni, ambamo wanafunzi hujifunza sayansi kwa kuunda vitu kwa mikono yao. Wazo lake ni jepesi kulieleza: anayeunda kitu atakumbuka kanuni yake kuliko anayeikariri ubaoni.

Tena ubongo wa roboti ndogo si siri ya tajiri. Kuna kibao kidogo cha kompyuta kiitwacho Arduino, kilichobuniwa katika mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005. Waliokibuni waliiacha michoro yake wazi ili mtu ye yote aweze kukiunda, ndiyo maana hupatikana kutoka kwa watengenezaji wengi. Akianguka mmoja, shule hununua kwa mwingine. Mota yaweza kutolewa katika kitu kilichoharibika, na gari lake laweza kukatwa kwa mbao au bati. Mafundi wa Katwe wamekuwa wakifanya mambo magumu kuliko hayo kwa miaka mingi.

Wengine watauliza: je, roboti hazitatunyang'anya kazi? Swali hili si la upuuzi. Chini ya kilima chetu viko viwanda, na wengi wa jamaa zetu hupata riziki kwa kubeba, kupanga na kufunga mizigo. Kazi ya namna ile ile kutwa nzima ndiyo ambayo mashine huiweza kwa wepesi. Hatuwezi kuizuia kwa kufumba macho. Lakini kila mashine huhitaji wa kuiunda, wa kuiandikia amri, na wa kuitengeneza ikiharibika. Nchi inayonunua tu hupoteza kazi ya mbebaji na haipati kazi ya fundi. Nchi inayounda huweza kuipata ile ya pili.

Basi, mwuzaji akija, tumwulize maswali manne. Je, mwanafunzi aweza kuifungua na kuiunga tena? Je, vipande vyake vyapatikana Kampala? Je, mwalimu atafundishwa kuitumia, na kwa muda gani? Na je, itafanya kazi siku ambayo stima na intaneti hazipo? Akijibu vizuri yote manne, tuzungumze bei. Akishindwa, tumshukuru na kumwaga kwa heshima.

Nanyi mliotutangulia katika shule hii, ambao sasa ni wahandisi, wafanya biashara na mafundi, msaada wenu si fedha peke yake. Mota ya zamani, betri iliyo nzima, au Jumamosi moja ya kutuonyesha jinsi ya kulehemu nyaya, ni mali kubwa kwetu. Wahenga walisema, "Mkono mtupu haulambwi." Mkono uliojifunza kazi hauwi mtupu.