Kijana wa Pointi 18: Je, C.J. Stroud ni Hodari Kweli?

Wamama wengi wa kikundi chetu wana watoto, wajukuu ao wapwa huko Marekani, na si wachache waliofikia Houston, katika jimbo la Texas, ambako wakimbizi wa Kongo wamekuwa wengi. Vijana hao wakipiga simu hawaulizi tena habari za Mazembe ao V.Club peke yake. Wanabishana juu ya mpira mwingine, ule wa kubebwa mkononi, na jina moja linarudi kila juma: C.J. Stroud. Hawa wanasema ni fundi asiye na mfano, wale wanasema alibahatisha mwaka mmoja tu. Tumeombwa tueleze maneno hayo, maana ni vigumu mama kuzungumza na mtoto wake juu ya kitu asichokielewa.

Mchezo wenyewe kwa kifupi. Ni watu 11 kwa 11. Wanaoshambulia wanapewa nafasi 4 za kusogeza mpira yadi 10 (yadi moja ni pungufu kidogo ya mita). Wakishindwa, mpira unakuwa wa wengine. Kwatabeki ndiye kiongozi wa mashambulizi. Anapokea mpira, anaangalia wenzake wanaokimbia mbele, na kwa sekunde 2 ao 3 anaamua amtupie nani. Mbele yake wanasimama wanaume 5 wanene ambao kazi yao ni kuzuia adui wasimfikie. Mwakumbuke hao 5, tutawarudilia.

Mchezo huu si mgeni kabisa kwetu. Tim Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, alichaguliwa wa 8 kati ya vijana wote wa mwaka 1996, na timu ya Carolina Panthers. Yeye alikuwa mkimbiaji, si kwatabeki, na majeraha yalimkatia njia mapema.

Stroud alizaliwa California, mwezi wa 10 mwaka 2001. Baba yake alifungwa gerezani kwa miaka mingi wakati kijana angali shuleni, na mama akabaki peke yake na watoto 4. Hapo hatuna haja ya kueleza zaidi; ninyi mnajua nyumba ya namna hiyo inavyoamka asubuhi. Alichezea chuo kikuu cha Ohio State, na mwaka 2023 ikafika zamu yake ya kuchaguliwa na timu za kazi.

Kabla ya siku hiyo vijana wanapimwa: urefu, mbio, nguvu. Kuna na jaribio moja linaloitwa S2, la kompyuta, linalopima namna macho na akili vinavyoshika mambo haraka. Matokeo yake yalipaswa kuwa siri, lakini yalivuja, na magazeti yakaandika kwamba Stroud alipata 18 kwa 100. Maana yake, kati ya wachezaji 100 waliopimwa, aliwapita 18 tu. Mwenzake Bryce Young, walisema, alipata 98. Maneno yakawa mengi: huyu mtoto ni mzito wa kichwa, hataweza. Stroud alijibu tu kwamba yeye ni mchezaji wa mpira, si mtu wa majaribio. Carolina Panthers wakamchukua Young wa kwanza, Houston Texans wakamchukua Stroud wa pili.

Sasa sikieni. Houston walikuwa wametoka kushinda michezo 3 tu mwaka uliotangulia. Pamoja na Stroud walishinda 10 na kupoteza 7. Alirusha yadi 4,108, na katika mipira 499 aliyotupa, 5 tu ilinyakuliwa na adui. Tarehe 5 mwezi wa 11, wakicheza na Tampa Bay, alifikisha yadi 470, kipimo ambacho hakuna mgeni wa mwaka wa kwanza aliyekuwa amekifikia katika mchezo mmoja, na akatoa mpira wa ushindi zikibaki sekunde 6. Mwezi wa 1 mwaka 2024 waliwapiga Cleveland 45 kwa 14. Hapo akawa kwatabeki mdogo kuliko wote waliowahi kushinda mchezo wa mtoano: miaka 22. Timu ya yule wa pointi 98 ilishinda michezo 2 kati ya 17.

Sisi walimu tungeweza kucheka hapa na kusema majaribio hayana maana. Hatusemi hivyo. Jaribio lilipima kitu, ila watu waliosoma ile namba waliifanya kuwa mtoto mzima. Na kwa Young pia tuwe na haki: aliingia katika timu dhaifu, akabebeshwa mzigo wa wote. Tunaona hayo kila mwaka tunapogawa buletini. Mzazi anasoma asilimia, hasomi kwamba darasa lina watoto 60 na vitabu 7.

Mwaka wa pili wa Stroud ndio ulioleta ugomvi. Mipira iliyonyakuliwa ilipanda hadi 12. Yadi zilishuka hadi 3,727. Timu ilishinda tena 10, lakini yeye aliangushwa na mpira mkononi mara 52, na katika mchezo wa mwisho, kule Kansas City, mara 8 kwa siku moja. Hapo ndipo tunawarudilia wale wanaume 5. Ukuta ulibomoka. Na wapokeaji wake waliumia mmoja baada ya mwingine: Nico Collins kwa muda, Stefon Diggs na Tank Dell mpaka mwisho wa msimu.

Lakini wale wanaomtetea kwa yote wanamdekeza. Mara nyingine anaukalia mpira, anangoja nafasi nzuri zaidi wakati iliyoko ingetosha. Hilo ni lake, si la ukuta. Kwa maoni yetu ni mtupaji wa kweli, mtulivu, mwenye shabaha ambayo haibahatishwi mwaka mzima. Bado hajafikia safu ya wakubwa kama Patrick Mahomes, ambaye hata ukuta ukianguka anapata njia.

Na si mabishano ya mtaani tu. Mkataba wake wa kwanza ni karibu dola milioni 36 kwa miaka 4, na baada ya msimu wa 3 sheria inaruhusu kuzungumza mkataba mpya. Dak Prescott wa Dallas amefikia milioni 60 kwa mwaka. Kwa hiyo katika msimu wake wa 3, ule wa mwaka 2025, kila mpira aliotupa ulihesabiwa.

Mwaka 2025, kabla ya msimu huo, Houston walimfukuza mkuu wa mashambulizi na walimuuza Laremy Tunsil, aliyekuwa mkubwa wa ule ukuta. Basi kijana wako akipiga simu juma hili, kabla hajaanza kusifu ao kulaumu, umwulize: wale 5 wa mbele, safari hii ni akina nani?