Nguo Ipo, Mteja Haioni

Mteja anaingia kwenye chumba cha kujaribia na suruali nne. Moja inamkaa, anakwenda kuilipia. Tatu anaziacha zikining'inia. Pasipo mhudumu wa kuzikusanya na kuzirudisha mahali pake, ifikapo jioni vyumba vile vimejaa nguo ambazo kompyuta ya duka inasema zipo, na kweli zipo, ila hakuna anayeweza kuzinunua. Anayekuja kesho kutafuta saizi ile ile haioni, anaondoka. Kompyuta nayo haiagizi nyingine, maana kwa hesabu zake mzigo haujaisha.

Ndiyo maana katika duka kubwa la idara nyingi huwezi kutenganisha huduma kwa mteja na utunzaji wa duka. Anayemwelekeza mteja ndiye huyo huyo anayeokota koti lililoanguka na kugundua kwamba taa ya kwenye kioo imeungua. Ukimpunguza, unapoteza vyote kwa mpigo.

Rafu tupu haina sababu moja. Mwaka 2017 wateja wa maduka makubwa ya Nakumatt, Kenya na nchi jirani, walikuta rafu wazi kwa kuwa wasambazaji walikuwa hawajalipwa. Hapo bidhaa hazikuwapo kabisa. Lakini mara nyingi bidhaa zimo humo humo ndani, stoo au kwenye vyumba vya kujaribia, na kilichokosekana ni mikono ya kuzileta mbele.

Sears ya Marekani ilikuwa na ugonjwa mwingine, nao ulichukua miaka. Kampuni hii iliyojenga jina kwa kuuza kwa katalogi ilifungua duka lake la kwanza Chicago mwaka 1925, na kwa miongo kadhaa hakuna muuzaji wa rejareja aliyeipita nchini humo. Mwaka 2005 iliunganishwa na Kmart chini ya mwekezaji Edward Lampert. Mabilioni ya dola yakaenda kununua hisa zake yenyewe, huku fedha za matengenezo zikiwa kidogo mno kuliko za washindani. Mazulia yalichakaa, ngazi za umeme zikasimama bila kutengenezwa, na katika idara nzima ukimtafuta wa kumuuliza bei humpati. Oktoba 2018 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai.

Maduka ya Walmart na ya intaneti yaliiumiza Sears, hilo halina ubishi. Lakini Target, kampuni nyingine ya maduka ya Marekani, ilipambana na wapinzani hao hao, na mwaka 2017 ikatangaza kuwekeza zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka 3, zikiwamo za kukarabati mamia ya matawi. Tatizo la kubana matengenezo ni kwamba akiba yake inaonekana kwenye hesabu mwaka huo huo, ilhali mteja aliyekata tamaa haandikwi popote. Harudi tu.

Kinachonipa moyo ni jaribio la Macy's, kampuni ya maduka ya idara nyingi ya Marekani. Februari 2024 kampuni hiyo ilitangaza kufunga matawi yapatayo 150, na papo hapo ikachagua matawi 50 ya kufanyia majaribio. Ikayaongezea wahudumu, hasa kwenye vyumba vya kujaribia na idara ya viatu vya wanawake. Naona walichagua kwa akili. Kwenye viatu mteja anaona mguu mmoja tu mezani. Mwingine, pamoja na saizi zote, uko stoo. Asipotokea wa kwenda kuuleta, hata mwenye fedha mkononi hanunui. Mwaka huo mauzo ya matawi hayo 50 yalipanda huku ya kampuni kwa jumla yakishuka, na mwaka 2025 mpango ukapanuliwa hadi matawi 125.

Mishahara hiyo ya ziada ni gharama halisi, na tawi lisilo na wapita njia haliokolewi na wahudumu wengi. Ila meneja anayetaka kujua mauzo yake yanavujia wapi aanze na vyumba vya kujaribia, muda mfupi kabla ya kufunga, ahesabu nguo zilizomo.