Je, Wajua? Ziwa Letu Kwenye Filamu, Zamani na Sasa

Kuna mashabiki wa sinema wanaovuka bahari ili wasimame mahali aliposimama mwigizaji fulani, wapige picha ya pembe ileile, kisha waangalie nini kimebadilika. Sisi wa Nyamagana na Kanda ya Ziwa tunapita sehemu kama hizo tukienda sokoni. Twende tukazitazame.

Mwanza ilishindwa na pengwini

Machi 2006 filamu iliyorekodiwa Mwanza ilikuwa miongoni mwa filamu tano zilizowania tuzo ya Oscar ya filamu bora ya hali halisi. Iliitwa Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004, kazi ya Muaustria Hubert Sauper. Tuzo ikachukuliwa na filamu ya Kifaransa kuhusu ndege pengwini wa barafuni! Mwaka huohuo, hata hivyo, ya Mwanza ilitunukiwa César, tuzo kubwa ya sinema ya Ufaransa, katika kundi la filamu za kwanza.

Huku kwetu jina lile la Kizungu halikushika. Watu waliiita filamu ya mapanki. Mapanki ni kichwa na mifupa ya sangara, yaani kinachobaki kiwandani baada ya minofu kuchukuliwa. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliipinga filamu hiyo hadharani, na mjadala ukawaka nchi nzima: je, mapanki ni chakula cha dhiki, au ni kitoweo kama vitoweo vingine? Lililochoma zaidi ni namna filamu ilivyodokeza kwamba ndege zilizokuja kuchukua minofu zilikuwa zikileta silaha Afrika.

Mimi naona Sauper aliziona sura za watu kwa makini kuliko alivyouona mji. Uwanja wa ndege, viwanda na ufukwe vimo, lakini Mwanza ya asubuhi, ya wanafunzi wanaoshuka milimani na akina mama wanaopanga nyanya, haimo. Ukiitazama leo, mtazame yule mwongoza ndege kwenye chumba chake juu ya uwanja, anavyohangaika na wadudu huku rubani akiita redioni. Hata anayeichukia filamu nzima hasahau kipande hicho.

Kilichotupwa zamani leo kina bei kuliko mnofu

Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Anaweza kufika urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200, sawa na magunia mawili ya mahindi. Wakati wa filamu macho yote yalikuwa kwenye minofu ya kwenda Ulaya. Siku hizi ulizia bondo, ule mfuko wa hewa ulio tumboni mwa samaki: ukikaushwa unasafirishwa hadi China, ambako hupikwa supu ya watu wenye uwezo, na kilo yake inaipita kilo ya mnofu mara nyingi. Anayerudi kwenye maeneo ya filamu ile leo ataikuta mizani imehamia kwenye kitu ambacho kamera haikuhangaika nacho.

Mawe ya Mwanza ni rula ya mpiga picha

Miamba ya mji huu ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilikuwepo kabla ya samaki wa kwanza, kabla hata ya ziwa lenyewe. Kwa anayefuatilia filamu za zamani hii ni neema tupu. Katika miji mingine nyumba ikibomolewa umepoteza alama. Hapa nyumba zinapanda Mabatini, Igogo na Isamilo, mabati yanabadilika rangi, lakini jiwe liko palepale na ufa wake uleule.

Jaribu hivi. Chukua picha yoyote ya zamani ya Jiwe la Bismarck, uiweke kwenye simu, nenda ufukweni karibu na kivuko cha Kamanga. Tafuta mahali ambapo jiwe la juu linakatana na mstari wa milima ng'ambo kama kwenye picha. Ukisogea hatua chache tu kushoto, mstari unavunjika. Ukiupata, umesimama palepale aliposimama mpiga picha wa kwanza.

Maji ndiyo kalenda

Sasa tazama chini ya jiwe. Mwaka 2006, wakati watu wakigombana juu ya mapanki, Ziwa Victoria lilikuwa limeshuka hadi kiwango cha chini kabisa katika miaka 80 hivi. Mei 2020 likapanda na kuvunja rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1964. Tofauti kati ya nyakati hizo mbili inazidi mita 2, zaidi ya kimo cha mtu mrefu. Kwa hiyo hata picha isiyo na tarehe unaweza kuikisia umri: hesabu tu jiwe limezama kiasi gani.

Speke alifika Mwanza, kamera zikaenda Kenya

Tarehe 3 Agosti 1858, Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa akiwa kwenye kilima cha hapa Mwanza, akalipa jina la malkia wake, ingawa waliokuwa wakivua humo walikuwa na majina yao. Mwaka 1990 Bob Rafelson alitoa Mountains of the Moon, filamu ya safari hiyo ya Speke na Richard Burton, na mandhari yake ya Afrika akayarekodi Kenya. Mwanza ikaigizwa na nchi jirani! Bado nasubiri mwongozaji atakayeirudisha hadithi hiyo kwenye kilima chake.

Meli ya Wajerumani iliyokuwa tagi ya ziwa letu

Katika The African Queen ya mwaka 1951, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wanaiwinda meli ya kivita ya Wajerumani. Meli iliyoigiza nafasi hiyo ilikuwa tagi ya mvuke, yaani boti ya kuvuta vyombo vingine, iliyoitwa Buganda, iliyofanya kazi zake za kila siku Ziwa Victoria chini ya shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki. Hadithi yenyewe ilichochewa na mapigano ya Ziwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na meli halisi ya huko, Graf von Götzen, ilizamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Bogart alipata Oscar yake pekee kwa filamu hiyo. Na boti yenyewe iliyoigiza African Queen, iliyoundwa Uingereza mwaka 1912, leo inatembeza watalii Key Largo, Florida.

Bogart asingeyatambua maporomoko

Sehemu ya filamu hiyo ilirekodiwa Uganda, Butiaba kwenye Ziwa Albert na karibu na Maporomoko ya Murchison. Wakati ule Mto Nile ulipenya kwenye mwanya mmoja tu wa mwamba. Kisha zikaja mvua kubwa za 1961 na 1962, zilezile zilizolipandisha ziwa letu. Mto ukafurika na kujitobolea njia ya pili pembeni. Kwa kuwa Uganda ilipata uhuru 1962, maporomoko mapya yakaitwa Uhuru. Bandari ya Butiaba nayo ikaharibiwa na mafuriko ya miaka hiyo.

Nyumba ya filamu ikawa nyumba ya familia

Mwongozaji Mira Nair alikwenda Kampala mwishoni mwa miaka ya 1980 kufanya utafiti wa filamu yake, Mississippi Masala, akakutana na Profesa Mahmood Mamdani, wakaoana. Nyumba ya mlimani inayoonekana kwenye filamu hiyo ya 1991, inayotazama Ziwa Victoria, ikaja kuwa makazi yao. Mtoto wao Zohran, aliyezaliwa Kampala mwaka huohuo, mwaka 2025 alichaguliwa kuwa Meya wa New York.

Nyumbu karibu laki moja, leo zaidi ya milioni

Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walirekodi filamu ya Serengeti darf nicht sterben (yaani, Serengeti isife) wakiruka na ndege ndogo iliyopakwa mistari ya pundamilia. Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka Januari 1959, akiwa na miaka 24. Filamu ikapata Oscar mwaka uliofuata.

Hesabu yao ya nyumbu ilifika karibu 100,000. Leo nyumbu wa Serengeti wanazidi milioni moja, hasa kwa sababu ugonjwa wa sotoka ulitokomezwa kwa kuwachanja ng'ombe wa vijiji vya jirani. Hapa mandhari ya filamu yamebadilika kwa kujaa. Kutoka Mwanza shika barabara ya Musoma; lango la Ndabaka liko kandokando ya barabara hiyo, na unaweza kwenda asubuhi ukarudi jioni.