Kuajiri Wageni: Wajibu wa Chama na wa Mwanachama

Katika wilaya zinazolima tumbaku za Tabora, Kigoma na Katavi, kazi za msimu huhitaji watu wengi kuliko waliomo katika kaya ya mkulima. Kwa miaka mingi baadhi ya vibarua wametoka ng'ambo ya mpaka, hasa Burundi. Aghalabu mapatano hufanywa kwa mdomo, na ujira huahidiwa kulipwa baada ya tumbaku kuuzwa. Desturi hii ina hatari mbili: humtia mwajiri hatiani, na humwacha mfanyakazi bila kinga. Kwa hiyo yafaa makatibu na wanachama waelewe sheria za Tanzania Bara zinasema nini juu ya jambo hili.

1. Nani ni mgeni?

Mgeni ni mtu asiye raia wa Tanzania. Jina la mtu, lafudhi yake au kijiji atokako si ushahidi wa uraia. Wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972 waliishi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na kuanzia mwaka 2014 zaidi ya watu 150,000 miongoni mwao na watoto wao walikabidhiwa vyeti vya uraia. Hao ni raia kamili. Kuwadai kibali au kuwapunguzia ujira kwa sababu ya asili yao ni ubaguzi, nao umekatazwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004.

2. Kibali cha kazi

Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inakataza kumwajiri mgeni asiye na kibali cha kazi. Kibali hicho hutolewa na Kamishna wa Kazi. Kibali cha ukaazi ni kitu kingine, nacho hutolewa na Uhamiaji. Mgeni anapaswa kuwa na vyote viwili, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Anayeomba kibali cha kazi cha mwajiriwa ni mwajiri. Hapana budi aonyeshe kwamba alimtafuta raia mwenye ujuzi unaotakiwa asimpate, na kwamba upo mpango wa kumwandaa raia atakayeirithi kazi hiyo. Kwa sababu hiyo, chama kinachohitaji fundi wa mtambo usiojulikana nchini kinaweza kuwa na hoja. Mkulima anayetaka mtu wa kupalilia hana. Kazi ya jembe itafutiwe raia.

Wapo wanaodhani kwamba Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, limeondoa haja ya vibali. Sivyo. Mtu wa nchi mwanachama wa Jumuiya naye anahitaji kibali ili aajiriwe. Mkimbizi aliyeko kambini pia hawezi kuchukuliwa kwenda shambani kwa mapatano ya mdomo tu. Lazima awe na ruhusa ya kutoka kambini na kibali cha kazi.

3. Kazi ikifanyika bila kibali

Mwajiri na mwajiriwa wote wawili huwa wametenda kosa, na adhabu yake ni faini au kifungo. Tena, mahakama nchini zimepata kuamua kwamba mkataba wa mgeni asiye na kibali hauna nguvu ya kisheria. Maana yake ni kwamba mtu aweza kufanya kazi msimu mzima kisha akakosa mahali pa kuudai ujira wake.

Hapa ndipo dhuluma huingia. Mwajiri mwenye hila hungoja tumbaku iuzwe, kisha huwaita maofisa wamwondoe kibarua kabla hajalipwa. Mwajiri huyo asidhani amesalimika, kwani anayemshitaki mwenzake kwa kukosa kibali hujishitaki mwenyewe kwa kumwajiri. Na ikiwa alimrubuni kutoka kwao au alimnyang'anya hati zake ili asiondoke, aweza kukabiliwa na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, pamoja na katazo la kazi za shuruti. Ikumbukwe pia kwamba Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 23, inapozungumzia malipo ya haki humtaja kila mtu afanyaye kazi, si raia peke yake.

4. Haki za mwenye kibali

Mgeni aliyeajiriwa kihalali ana haki sawa na raia:

(a) Kupewa maelezo ya ajira yake kwa maandishi.
(b) Kufanya kazi saa zisizozidi 45 za kawaida kwa juma, na kulipwa mara moja na nusu kwa saa za ziada.
(c) Kulipwa siku iliyokubaliwa, bila makato asiyoyaridhia kwa maandishi, isipokuwa yale yanayoruhusiwa na sheria.
(d) Likizo ya siku 28 kwa mwaka.
(e) Kusafirishwa na mizigo yake hadi mahali alipoajiriwa, ikiwa ajira imekomea mahali pengine.

Akiachishwa kazi isivyo haki, anaweza kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika muda wa siku 30. Mkataba wake usipite muda wa kibali, ambacho hutolewa kwa miezi isiyozidi 24 na huweza kuhuishwa.

5. Kazi ya katibu

Katibu aweke daftari la waajiriwa wa chama, lenye nakala ya mkataba na kibali cha kila mgeni, na tarehe ya kibali kumalizika. Kabla ya msimu, katika mkutano wa wanachama, awaeleze wakulima kwamba mwajiri wa kibarua wa shambani ni mkulima mwenyewe, na lawama haitahamia kwa chama.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria inataka kibali kitangulie jembe, na heshima ya ushirika inataka aliyelishika jembe alipwe.