Bingwa wa Bray na Kalamu za Majaji

Kusini kidogo ya Dublin, mji mkuu wa Ireland, upo mji wa pwani uitwao Bray, ambao aghalabu wageni wauendeao hutafuta upepo wa bahari na matembezi ya jioni. Hapo ndipo alipozaliwa, tarehe 2 Julai 1986, mtoto wa nne na wa mwisho wa Peter na Bridget Taylor, akapewa jina la Katie. Baba yake, mzaliwa wa Leeds huko Uingereza na fundi umeme kwa kazi yake, alikuwa bondia wa ridhaa, na katika mwaka ule ule aliozaliwa binti huyu aliutwaa ubingwa wa taifa la Ireland. Kwa hiyo habari za ngumi zilikuwamo nyumbani kabla mtoto hajajua kutembea, na kaka zake walipoanza kwenda klabu ya masumbwi, yeye hakuona sababu ya kuachwa nyuma.

Alipofikia umri wa miaka 11 alikuwa akipigana na wavulana, lakini kwa siri ya namna yake. Katika orodha ya wapiganaji jina lake liliandikwa K. Taylor tu, na nywele zake alizifutika ndani ya kofia ya kukinga kichwa, hata hadhira isiweze kumtambua. Watu waliona bondia mdogo, mwepesi wa miguu na mwenye mikono ya haraka, wakamshangilia. Kofia ilipovuliwa ndipo walipong'amua kwamba waliyemshangilia ni msichana.

Siri hiyo haikuwa ya mchezo. Ngumi za wanawake zilikuwa hazina idhini katika Ireland, na ng'ambo ya pili ya maji, Uingereza, idhini hiyo ilikuwa ndiyo kwanza ipatikane, tena kwa mashitaka. Mwaka 1998 Jane Couch, mwanamke wa Fleetwood ambaye alikwisha kuwa bingwa wa dunia ugenini ilhali kwao ananyimwa leseni, alilishitaki baraza lisimamialo ngumi za kulipwa nchini humo. Na miongoni mwa hoja zilizoletwa kumpinga ilikuwamo hii, kwamba hedhi humwondolea mwanamke utulivu wa nafsi. Hoja hiyo, ambayo leo hata mzee wa barazani aliye mkali kuliko wenziwe angeona haya kuitamka mbele ya mkewe, ilishindwa, na leseni ikatoka. Ireland ilikawia miaka mitatu zaidi. Tarehe 31 Oktoba 2001, katika Uwanja wa Taifa wa Dublin, jengo lililojengwa mwaka 1939 mahsusi kwa mchezo wa ngumi, Katie mwenye umri wa miaka 15 alipanda ulingoni kwa jina lake kamili, akamshinda msichana aliyetoka Belfast, na hilo likawa pambano la kwanza la wanawake kuruhusiwa rasmi katika nchi ile.

Miaka iliyofuata naipita upesi, si kwa kuidharau, bali kwa kuwa ushindi urudiwao sana humchosha msimulizi. Alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mara tano mfululizo, kuanzia New Delhi mwaka 2006 hata Jeju mwaka 2014; alikuwa bingwa wa Ulaya mara sita; na katika nafasi alizozipata aliichezea timu ya taifa ya Ireland mpira wa miguu, kana kwamba mchezo mmoja haukumtosha. Wanawake walipofunguliwa ulingo wa Olimpiki kwa mara ya kwanza, London mwaka 2012, yeye ndiye aliyeibeba bendera ya nchi yake siku ya ufunguzi. Fainali yake ya tarehe 9 Agosti, dhidi ya Mrusi Sofya Ochigava, haikuwa nyepesi: nusu ya pambano ilipopita alikuwa nyuma kwa pointi moja, na alipojitutumua katika raundi ya tatu, hesabu ikamalizikia 10 kwa 8, na medali ya dhahabu ikawa yake. Namwomba msomaji aziweke akilini hizo pointi mbili, kwa maana kisa chote cha mwanamke huyu kimepitia katika mianya myembamba ya namna hiyo.

Miaka minne baadaye, huko Rio, mambo yaligeuka. Baba yake, ambaye alikuwa kocha wake tangu utotoni, hakuwa tena kwenye kona yake, maana mfarakano ulikuwa umeingia nyumbani. Na katika pambano lake la kwanza la mashindano yale alishindwa na Mira Potkonen wa Finland. Wako mabondia ambao pigo kama hilo huwarudisha nyumbani. Yeye alihamia Connecticut, Marekani, kwa kocha mpya, Ross Enamait, na tarehe 26 Novemba 2016, huko Wembley, London, akaanza ngumi za kulipwa akiwa na umri wa miaka 30, ambao katika kazi hiyo si umri wa mwanzo. Majuma machache kabla ya siku hiyo, bondia wetu wa Nairobi, Fatuma Zarika, alikuwa amekwenda Flint, Michigan, akamvua Alicia Ashley mkanda wa WBC. Nalitaja hili ili msomaji asidhani kwamba ngumi za wanawake ni habari ya watu wa mbali peke yao.

Hapa yafaa nieleze kidogo utaratibu wa kazi yenyewe. Ngumi za kulipwa hazina serikali moja. Vyama vikubwa ni vinne, WBA, IBF, WBO na WBC, na kila kimoja hutoa mkanda wake, kwa hiyo uzani mmoja waweza kuwa na mabingwa wanne kwa wakati mmoja, na atakaye kuitwa bingwa asiye na mpinzani sharti aikusanye mikanda yote. Jambo la pili ni muda. Mwanaume agombeaye ubingwa hupigana raundi 12 za dakika tatu, yaani dakika 36. Mwanamke, kwa kawaida, raundi 10 za dakika mbili, yaani dakika 20. Tofauti hiyo si ndogo. Dakika mbili hazimpi mtu wasaa wa kumchosha adui hata aanguke. Kengele hulia pale pale pigo linapoanza kufanya kazi, na hukumu huachiwa kalamu za majaji watatu walioketi kando ya ulingo. Ndiyo maana katika mapambano 25 aliyokuwa ameyashinda Katie kufikia Julai 2025, ni sita tu yaliyokwisha kabla ya muda, na wale waonao upungufu katika hesabu hiyo wanamlaumu bondia kwa kosa la saa.

Mkanda wa WBA aliupata Cardiff mwaka 2017, wa IBF Brooklyn mwaka 2018, wa WBO Philadelphia mwezi Machi 2019. Wa nne ulikuwa kiunoni mwa Delfine Persoon, askari polisi wa Ubelgiji, mwanamke asiyejua kurudi nyuma, na tarehe 1 Juni 2019 wakakutana Madison Square Garden, New York. Majaji wawili walimpa Katie 96 kwa 94, wa tatu akaona sare. Nami, niliye shabiki wake, nakiri kwamba lau ningeshika kalamu usiku ule, isingeandika hivyo. Persoon alisukuma pambano tangu mwanzo hata mwisho, na uso wa Katie uliandikwa matokeo mengine. Alimpa mwenziwe fursa ya kurudiana Agosti 2020, akamshinda kwa uamuzi wa majaji wote, na deni likalipwa.

Lakini usiku uliomweka katika historia ni ule wa tarehe 30 Aprili 2022. Jumba ni lile lile la Madison Square Garden, ambamo Ali na Frazier walipigana mwaka 1971, na ambamo mpaka siku hiyo pambano la wanawake halijapata kuwa pambano kuu. Mpinzani alikuwa Amanda Serrano, mzaliwa wa Puerto Rico aliyekulia Brooklyn, bingwa katika uzani saba mbalimbali, mpiga kwa mkono wa kushoto. Watazamaji 19,187 waliingia. Katika raundi ya tano Serrano alimbana, makonde yakamiminika, damu ikamtoka Katie puani, miguu ikamlegea, na wengi waliosimama kushangilia walidhani wanasimama kushuhudia mwisho. Hakuanguka. Raundi zilizofuata alizipigana kwa akili ya fundi aliyeona nyufa katika nyumba yake, akiziba moja baada ya moja, akipiga na kuondoka, hata raundi ya kumi ambayo wote wawili waliacha hesabu na kusimama pua kwa pua wakibadilishana ngumi. Jaji mmoja alimpa Serrano 96 kwa 94. Wawili wakampa Katie, 97 kwa 93 na 96 kwa 93.

Mwaka 2023 aliirudisha kazi yake kwao Dublin, akapanda uzani kumfuata Mwingereza Chantelle Cameron, na tarehe 20 Mei akashindwa kwa mara ya kwanza na ya pekee katika ngumi za kulipwa, mbele ya watu wa nchi yake. Kabla hajashuka ulingoni alikwisha kuomba marudiano. Yalifanyika Novemba, mjini humo humo. Akashinda, na mikanda yote ya uzani wa pili ikawa yake.

Na Serrano? Walirudiana Texas, Novemba 2024, Serrano akiwa amepasuka juu ya jicho kwa vichwa kugongana, Katie akikatwa pointi kwa kosa hilo hilo, na majaji wote watatu wakaandika 95 kwa 94 kwa Katie. Watu walizomea, na siwalaumu. Mara ya tatu, tarehe 11 Julai 2025, walirejea Madison Square Garden katika usiku ambao mapambano yote yalikuwa ya wanawake. Safari hii Katie, mwenye miaka 39, alikataa mabishano ya karibu. Alikaa mbali, akachagua makonde yake, na majaji wawili wakampa 97 kwa 93, wa tatu sare.

Picha za mapambano hayo matatu zipo. Msomaji atakayepata wasaa na aitafute ile raundi ya tano ya mwaka 2022, aketi na kalamu na karatasi kama jaji, aandike raundi kwa raundi mpaka ya kumi, ndipo atazame hukumu iliyotolewa.