Ngeli za Kiswahili katika Uundaji wa Tovuti

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Haja ya tovuti zinazomhudumia mwananchi kwa Kiswahili ni bayana. Hata hivyo, tovuti iliyotafsiriwa neno kwa neno inaweza kumwarifu msomaji kwamba "5 vitabu imepatikana". Kosa la aina hii halitokani na uhaba wa istilahi. Linatokana na jinsi sentensi inavyoundwa ndani ya programu.

Lugha za skripti kama vile PHP na JavaScript, ambazo zote zilijitokeza mwaka 1995, hurahisisha mno kazi ya kuunganisha maneno. Mwanaprogramu huacha pengo la idadi, pengo jingine la nomino, kisha akamalizia kwa kitenzi. Mapengo hayo hujazwa na yale yatokayo katika hifadhidata. Kwa Kiingereza mbinu hii hufaulu kwa kiasi kikubwa kwa kuwa kitenzi hakijali aina ya nomino. Katika Kiswahili, nomino ndiyo inayotawala sentensi nzima: vitabu vimepatikana, wanafunzi wamepatikana, majarida yamepatikana, tasnifu zimepatikana. Neno "imepatikana" lililogandishwa mwishoni litaafiki simu moja au mikoba mitano, lakini halitaafiki vitabu kamwe.

Viunzi vya kuundia tovuti vimejaribu kulikabili tatizo hili. Django, kiunzi kilichotolewa kwa umma mwaka 2005, hutumia mfumo wa gettext, ambamo mfasiri hupewa sentensi nzima na kuitolea umbo la umoja na la wingi. JavaScript nayo ina Intl.PluralRules, ambayo ikiulizwa kuhusu lugha yenye alama "sw" hutoa makundi mawili: one kwa idadi ya moja na other kwa idadi nyinginezo. Hapa umoja na wingi vimeshughulikiwa, ila ngeli haikuguswa. Isitoshe, sifuri huangukia kundi la pili, na msomaji akaambiwa "Vitabu 0 vimepatikana", ilhali Mswahili angesema "Hakuna kitabu kilichopatikana". Yafaa sharti la sifuri litangulie kanuni ya wingi.

Iwapo nomino ni chache, njia salama ni kuandika sentensi kamili kwa kila nomino. Tovuti ya maktaba yenye vitabu, majarida na tasnifu haihitaji ujanja zaidi ya huo. Nomino zikiwa nyingi, hifadhidata yenyewe iwe na safu tatu: umoja, wingi na ngeli. Kisha programu iwe na orodha inayohusisha kila ngeli na viambishi vyake: A-WA na "a" na "wa", KI-VI na "ki" na "vi", LI-YA na "li" na "ya". Kiambishi kikishateuliwa, huambikwa kwenye "mepatikana". Sentensi ya sifuri hudai orodha yake yenyewe, kwani kirejeshi cha A-WA hakifuati mkondo wa wenzake: kilichopatikana, lililopatikana, lakini aliyepatikana.

Wapo watakaoshawishika kuiacha programu ikisie ngeli kwa kutazama herufi za mwanzo. Jaribio hilo hukwama mapema. "Kijana" na "kiongozi" huanza kwa "ki", lakini hakuna asemaye "kiongozi kimepatikana". Upatanisho huzingatia uhai kabla ya umbo, na uhai hauonekani katika herufi. (Nomino "makala" ni mtihani mwingine: wapo wasemao "makala haya", wapo wasemao "makala hii". Mwanaprogramu hawezi kuusuluhisha mjadala huo. Achague upande mmoja na kuushikilia katika tovuti nzima.)

Kabla ya tovuti kufunguliwa, kila ujumbe ujaribiwe kwa idadi ya 0, 1 na 2, kwa nomino moja kutoka kila ngeli, na "kiongozi" asiachwe nje.