Kisukari Hakiambukizi

Katika ziara zetu vigangoni bado tunakuta mgonjwa wa kisukari ametengewa kikombe na sahani, hata choo, kwa sababu sisimizi hujaa pale alipokojoa. Sisimizi hufuata sukari iliyomo kwenye mkojo, ugonjwa hawaubebi. Kisukari hakina kijidudu, hivyo hakiambukizwi kwa kula wala kulala pamoja.

Wengine hulaumu sukari ya kwenye chai. Hapo pana nusu ya ukweli. Kwa watu wazima wengi mwili huacha kuitikia insulini vizuri, hasa kwa wenye uzito mkubwa, wasiotoa jasho, au wenye ndugu wanaougua. Soda huchangia kwa kunenepesha.

Lakini mtoto mwenye aina ya kwanza hakukosea chakula wala hakurogwa. Kinga ya mwili wake imeharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Tangu 1922 sindano ya insulini imeokoa watoto kama huyu. Akiachishwa ili aombewe tu, au anyweshwe mizizi, aweza kufa katika siku chache. Tumwombee huku sindano ikiendelea. Kamati yenye mtoto wa namna hii itujulishe kabla chupa yake haijaisha.